Nipo, Mlango Haupo

Karakana ya seremala,
Chumba cha nyuma, mkabala na posta ya zamani.
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa Dada,

Kwa majonzi na heshima zote, ukoo mzima unakutangazia kifo cha mguu wa kushoto wa miwani yangu, kilichotokea Jumanne asubuhi baada ya kukaliwa. Marehemu alilitumikia sikio hili miaka tisa bila kulalamika. Ameacha mguu mmoja, vioo viwili, na kipande cha waya wa shaba kinachokaimu nafasi yake. Aliyemkalia ni wifi yako. Uchunguzi umefungwa, kwa kuwa mchunguzi hula anachopika mshukiwa.

Baada ya msiba huo, hujambo Dada yangu? Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi unayemwuguza, bado anakuita kwa jina la binti yake? Mwitikie tu. Kuitika jina la mwingine hakupunguzi lako, na yeye anapata usingizi. Shemeji naye vipi, amezoea zamu za alfajiri au bado anavaa viatu kinyume?

Sisi huku wazima, ukiacha magoti ya Mama, ambayo yana maoni yao kuhusu ngazi. Wifi yako hajambo, anakusalimu, na anasema hukuwahi kumjibu kuhusu zile sindano za cherehani. Wanao wa kwangu wanakula kana kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku. Binti yako Kimya hajambo kabisa. Ninarudia: hajambo kabisa. Sasa kaa chini.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Mama aliusikiliza mara moja akasema imetosha. Ulisema hivi: "Mwambie aombe msamaha yaishe. Sikumwacha huko akawe mkombozi, nilimwacha akasome." Tangu siku hiyo ni wiki mbili, na wiki mbili hizo umenipigia simu mara nyingi sikupokea. Sikuwa na shughuli. Nilikuwa ninakukwepa. Kwenye simu wewe hunikata kabla sijafika kwenye nukta, ndiyo maana nakuandikia. Barua haikatizwi. Unaweza kuikunja, unaweza kuitupa, lakini itakungoja pale pale ilipoishia.

Nianze na lililo gumu zaidi, kwa sababu ni langu.

Mwezi wa tatu shule ya binti yako ilikuwa na sherehe ya kugawa zawadi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja, na Mkuu wa shule alitaka jukwaa. Mbao hazikuwepo. Mtunza stoo akaniita, akanipeleka nyuma ya madarasa kwenye vyoo vya wasichana, akaniambia, "Fundi, milango hii saba ni mbao ngumu. Tuazime siku mbili tu. Jumatatu unairudisha." Nikaing'oa. Nilifanya kazi safi, Dada. Kila mlango nikauandikia namba kwa penseli mgongoni, moja mpaka saba, ili urudi kwenye fremu yake. Bawaba na skrubu nikazitia kwenye kopo la rangi. Jukwaa likasimama, likapigiliwa zulia juu, wageni wakalikanyaga, wakapiga makofi, wakaondoka.

Jumatatu nikaenda na kopo langu. Mkuu alikuwa juu ya jukwaa anahutubia wanafunzi. Unamjua Mkuu, au hukumwona? Ni mtu wa heshima zake, ila Mungu alimkata kipimo kifupi. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, mstari wa nyuma ulimwona mpaka viatu. Nikaona usoni mwake kwamba lile jukwaa halishuki. Aliniambia, "Fundi, acha kwanza." Nikarudi wiki iliyofuata. "Acha kwanza, fundi. Halafu njoo tuzungumze habari za madawati mapya, tunahitaji arobaini."

Madawati arobaini, Dada. Sikurudi tena kuuliza habari za milango. Kopo nikaliweka rafu ya juu, nyuma ya gundi, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kukutana nacho.

Nyumbani sikusema. Na Kimya hakuniambia mimi, kwa sababu habari za choo msichana wa miaka kumi na sita hamwambii mjomba. Alimwambia wifi yako. Wifi yako akanisimulia mezani, huku macho yake yapo kwenye sahani: kwamba wasichana huenda chooni watatu watatu, mmoja anaingia, wawili wanasimama wamempa mgongo wameshika masweta yamening'inia kama pazia. Kwamba wapo wasiokunywa maji tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Kwamba wapo ambao siku fulani za mwezi hawaji shule kabisa, na mwalimu anawaandika watoro.

"Halafu," akasema wifi yako, "kuna fundi asiye na haya aliyeing'oa milango hiyo. Sijui huyo alizaliwa na mama au alichongwa."

Nikaomba chumvi.

Sasa uje kwa binti yako. Unakumbuka tulimwita Kimya kwa sababu alipozaliwa hakulia, mkunga akampiga makofi mawili na bado akamtazama tu kama karani anayengoja uwasilishe karatasi zako. Basi ni yule yule. Hapigi kelele, hakunji uso. Yeye na wenzake walianza kwa adabu zote. Nje ya ofisi ya Mkuu, ukutani, lipo sanduku la maoni, na juu yake imeandikwa kwa rangi nyekundu: TOA MAONI YAKO. Wakaandika barua, wakatumbukiza. Wakangoja. Wakaandika nyingine. Miezi mitano ikapita, hakuna jibu.

Ndipo Kimya akafikiria jambo ambalo mimi, na umri wangu huu, nisingelifikiria.

Kila asubuhi mwalimu wa darasa hufungua kitabu cha mahudhurio na kuita majina, na anayeitwa hujibu "Nipo." Jumatatu moja lilipofika jina la binti yako, akasimama wima, mikono nyuma, akajibu:

"Nipo. Mlango haupo."

Akakaa. Mwalimu akatua kalamu kidogo, akadhani amesikia vibaya, akaendelea. Msichana aliyefuata: "Nipo, mlango haupo." Na wa tatu. Wasichana wote kumi na tisa wa darasa lile, mmoja mmoja, bila kucheka, bila kupaza sauti. Jumanne wavulana nao wakaingia. Hawa walinichekesha, kwa sababu vyoo vyao havijawahi kuwa na milango tangu shule ijengwe, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni kitu cha kulalamikia. Jumatano madarasa mawili ya jirani yakaitikia vivyo hivyo. Kufika Alhamisi mafundi wa matairi ng'ambo ya barabara, wakiulizana spana iko wapi, wanajibiana, "Ipo, mlango haupo!"

Mwalimu wa darasa, kijana mpole aliyeanza kazi juzi, akaenda kumwuliza mwalimu wa nidhamu aandike nini. Kitabu cha mahudhurio kina alama mbili tu: yupo, hayupo. Hakina alama ya mtu aliyepo akasema na jambo.

Nisikilize vizuri hapa, Dada, maana huko ulikoambiwa umeambiwa kwamba kulikuwa na fujo. Hakuna kioo kilichovunjika. Hakuna kipindi kilichokosekana. Waliitwa, wakaitika. Barua iliyoletwa nyumbani ilitaja kosa lao kwa maneno haya, na niliyasoma kwa miwani iliyokuwa bado na miguu yake yote: "kujibu zaidi ya walichoulizwa." Mama akaomba arudiwe kusomewa. Kisha akasema, "Kumbe hilo nalo ni kosa? Basi mimi nifungeni maisha." Akaongeza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, akarudi kukanda magoti yake.

Wakamchagua Kimya peke yake wakamwita mchochezi. Arudi nyumbani, na Ijumaa afike na mlezi wake kusaini barua ya kuomba radhi. Asiposaini, haingii kwenye mtihani wa kujipima unaoanza Jumatatu, na asiyefanya huo hasajiliwi mtihani wa mwisho. Mwaka mzima ungepotea. Hapo ndipo ulipotuma ujumbe wako, na sikulaumu. Ningekuwa mbali kama wewe, nami ningetaka yaishe.

Ijumaa nikavaa shati la kwendea misibani, nikachukua begi la vifaa kwa sababu baadaye nilikuwa na kitasa cha kwenda kufunga, tukaenda.

Ofisini walikuwa watatu: Mkuu, mwalimu wa nidhamu, ambaye ni mama mmoja mwenye mgongo ulionyooka kama rula, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule muuza nyama wa kona, ameshika kofia mapajani. Viti vya ofisi ile nimevitengeneza mimi. Kimoja nilikijua kina mguu mbovu, nikakiacha kikaliwe na hewa.

"Karibu sana, fundi," Mkuu akasema, sauti laini kama mafuta ya nywele. "Jambo letu dogo tu. Binti asome hapa, asaini, wewe usaini chini yake, tunywe maji twende zetu." Akasukuma karatasi na kalamu.

Kimya akasoma kwa sauti, kama alivyoambiwa. "Mimi ninakiri kwamba nimeeneza uongo kuhusu mazingira ya shule yetu." Akasimama hapo. "Mkuu, samahani. Uongo ni upi? Kwamba nipo, au kwamba mlango haupo?"

Muuza nyama akakohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

"Adabu, binti," akasema mwalimu wa nidhamu.

"Ninayo, Mwalimu. Nitaomba radhi kwa kumchelewesha mwalimu wa darasa. Kila asubuhi tulimpotezea dakika nne. Hizo naziombea radhi kwa moyo wote. Ila hii ya uongo siwezi, maana nikisaini ndipo nitakuwa nimesema uongo."

Mkuu akaegemea nyuma. "Shule hii ina utaratibu, fundi. Watoto hawa hawakukosa pa kusemea. Lipo sanduku la maoni. Mwaka wa tatu huu lipo pale ukutani, na halijaniletea lalamiko hata moja. Hata moja! Shule isiyo na lalamiko miaka mitatu, halafu ghafla darasani mnaimba milango?"

"Tuliandika, Mkuu," Kimya akasema. "Barua kumi na moja. Mbili ni zangu."

"Mimi sijaona."

"Tulitumbukiza."

"Mimi sijaona, binti. Na kama ni habari za milango," akageuka akanitazama, na ule ulaini ukaondoka sautini, "si umwulize mjomba wako hapa? Aliyeing'oa nani?"

Dada, nimewahi kujikata kidole kwa msumeno wa umeme. Sekunde ile kabla maumivu hayajafika unakuwa na nafasi ya kutosha kuona kila kitu. Niliona glasi ya maji, kalamu, kofia ya muuza nyama. Na niliona binti yako akinigeukia taratibu.

"Mjomba?"

"Ni mimi," nikasema. "Niliambiwa siku mbili. Halafu nikaambiwa madawati."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa yale maneno ya wifi yako kuhusu kuchongwa. Kimya akanitazama vile vile alivyomtazama mkunga.

"Skrubu ziko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye kopo. Rafu ya juu, nyuma ya gundi."

"Zote?"

"Zote."

"Basi," akasema, akamgeukia tena Mkuu.

Hilo "basi" lake, Dada, halikuwa la msamaha. Lilikuwa la mtu aliyeuliza kama vifaa vipo ili ajue kazi inaanza lini. Nikaisukuma kalamu mbali na karatasi. Na nilipoisukuma, ndipo ubongo wangu, ambao hufika kila mahali wa mwisho, ukafika kwenye lile sanduku.

Sanduku lile nililitengeneza mimi, mwaka juzi. Mkuu alinichorea kwa mkono wake mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: sanduku, upana kiasi hiki, kimo kiasi hiki, tundu juu la kutumbukizia. Nikalitengeneza kama lilivyochorwa. Kwenye mchoro hakukuwa na kifuniko. Hakukuwa na mlango wa pembeni, wala bawaba, wala mahali pa ufunguo. Mimi ni fundi wa kujifunza kwa macho, sikusomea chuo, mteja akinichorea nafuata. Nikaligonga misumari pande zote sita, nikatia gundi kwenye maungio, nikalifunga ukutani kwa skrubu nne. Lilipendeza. Na kwa miaka miwili na nusu hakuna mtu hata mmoja wa ofisi ile aliyewahi kujaribu kulifungua, maana angejaribu mara moja tu angegundua kwamba halifunguki.

Nikasimama, nikafungua begi, nikatoa patasi na nyundo, nikatoka nje ya ofisi mpaka kwenye sanduku.

"Fundi! Unakwenda wapi? Fundi, hiyo ni mali ya shule!"

"Ni mali ya shule yenye kasoro ya fundi, Mkuu," nikamjibu. "Nimekuja kurekebisha kazi yangu. Sidai malipo."

Gundi yangu ni nzuri, nasema bila kujisifu. Ilinichukua mapigo tisa. Ubao wa mbele ulipoachia, karatasi zikamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Mkuu. Zilikuwa zaidi ya mia, Dada. Nyingine zimeanza kuwa za njano. Kulikuwa na maganda ya pipi. Kulikuwa na lalamiko la mende jikoni, la kioo cha dirisha kilichotoka kabla ya mvua za mwaka jana, la mwanafunzi asiyeona ubao anaomba akae mbele, na huyo alishahama shule. Kulikuwa na barua ya mapenzi kwa mwalimu wa kemia. Karatasi moja iliyokunjwa vizuri mara nne mwalimu wa nidhamu aliiona kabla yetu, akainama haraka, akaitia mfukoni. Sikuuliza. Ila mwandiko wa juu yake ulikuwa wa mtu mzima.

Muuza nyama akaokota moja. Husoma akifuatisha kwa kidole, kwa hiyo sote tulisikia polepole:

"Mkuu wetu mpendwa. Tunaomba milango. Kama haiwezekani yote saba, tunaomba hata miwili. Tutapeana zamu."

Akafika mwisho, kidole kikabaki pale pale. "Tutapeana zamu," akarudia. Akavaa kofia, akaivua tena. "Mkuu, mimi hata mbuzi simchinji mbele za watu."

Usidhani Mkuu alianguka magotini. Watu hawaanguki hivyo. Alijikung'uta suruali akasema kamati italijadili katika kikao chake cha kawaida.

"Na Jumatatu?" Kimya akauliza.

"Jumatatu nini?"

"Mtihani, Mkuu."

"Atafanya," akasema muuza nyama.

"Bila kusaini?" Mkuu akauliza.

Nikarudi ofisini nikaichukua ile kalamu, nikampa mkononi. "Kalamu yako hii, Mkuu. Haina wino uliopungua."

Tulitembea kurudi mpaka kwenye taa za barabarani. Hapo Kimya akasema, "Mjomba, utamwambia mwenyewe mama mdogo, au nimwambie mimi?" Ndivyo anavyomwita wifi yako siku hizi. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Nikamwambia. Yaliyofuata hayafai kuandikwa kwenye barua inayopita mikononi mwa watu wa posta.

Ile kamati na kikao chake cha kawaida hatukuingoja. Jumamosi asubuhi nikashusha kopo, tukaenda. Nilidhani tutakuwa wawili. Getini walikuwepo kumi na wanne, wasichana kwa wavulana, mmoja ameleta bisibisi ya baba yake iliyovunjika mpini. Mlinzi akasema hana amri ya kufungua. Akatazama ufunguo, akatutazama, akasema yeye anakwenda kunywa chai, na kwamba geti lile lina tabia ya kujifungua lenyewe.

Tukang'oa zulia. Tukageuza mbao, namba zangu zile pale, moja mpaka saba, penseli haijafutika. Wavulana wakabeba, wasichana wakashikilia fremuni, mimi nikafunga. Mlango namba nne ulikuwa umevimba kwa unyevu, nikaupiga randa ubavuni mpaka ukakubali. Wa tano, wa sita na wa saba bawaba zake alifunga binti yako mwenyewe. Ana mkono mwepesi, Dada, hakazi skrubu mpaka ikalia kama wanavyofanya wanaojifunza. Tulipomaliza wasichana saba wakaingia, kila mmoja kwenye wake, wakafunga kwa pamoja. Yote saba ikagonga. Halafu kutoka namba sita mtu akaanza kucheka peke yake, na wengine wakamjibu, kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Nikajifanya ninatafuta kipimo.

Jumatatu Mkuu alihutubia kutoka ardhini. Nasikia mstari wa nyuma haumwoni, ila wanakiri kwamba bado wanamsikia vizuri. Mwalimu wa darasa alifungua kitabu, akaita, na baada ya kila jina akangoja kidogo, kalamu juu. Wote wakajibu neno moja. Lilipofika jina la binti yako, akasema, "Nipo," akakaa, akaomba rula kwa jirani yake, maana mtihani ulikuwa unaanza.

Madawati arobaini amepewa fundi mwingine. Apewe, na abarikiwe, na mbao zake zisipinde. Mimi nimeambiwa kwamba shule haina tena kazi kwa fundi "mwenye tabia ya kujitolea." Nimeiandika sifa hiyo kwa chaki kwenye mlango wa karakana, na wateja wawili wameshaniuliza maana yake.

Kwa hiyo, Dada, sikumwambia aombe msamaha, na sitamwambia. Ukinipigia uniambie nimwambie, nitakuwekea simu juu ya meza nikaendelea kupiga randa. Utasema aliponea chupuchupu, kwamba siku nyingine hatakuwepo muuza nyama, kwamba dunia ina wakuu wa shule wengi kuliko milango. Najua. Amejua pia, kwa sababu alikwenda Ijumaa ile hajui kama kuna mtu atakayesimama upande wake, na mtu aliyekuwa naye alikuwa ndiye aliyeing'oa. Akasema vile vile. Mimi nilikuwa na nyundo, patasi, kopo la skrubu na miaka hamsini na moja, na nilikaa kimya miezi sita. Msamaha umeombwa katika nyumba hii, ila si na yule uliyemtaja.

Ukimpigia yeye, usimkaripie. Mwulize bawaba hufungwaje. Atakueleza vizuri.

Msalimie sana shemeji, na yule jirani yako wa chumba cha pili anayekukopesha pasi, na bibi unayemwuguza, mwambie kaka wa binti yake anamjulia hali. Huku Mama anakusalimu kwa magoti yote mawili. Wifi yako anakusalimu, sindano ni namba kumi na nne. Watoto wanasalimu midomo ikiwa imejaa. Mungu akulinde mgongo usiume, mikono isichoke, na akuongezee subira ya kufika mwisho wa barua ndefu.

Nikupendaye hata ukinifokea,
Ndugu yako, fundi.

Nyongeza: Matokeo ya ule mtihani wa kujipima yalitoka juzi Ijumaa. Hesabu binti yako amepata kumi na tisa kwa mia.